Samaki wa Bei ya Pikipiki

Kila aliyeingia sebuleni kwa mama mwalimu aliuliza swali moja kabla hajaketi vizuri: huyu samaki ni bei gani? Mama mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na saba, na hakupenda jibu la kuzungukazunguka. "Bei ya pikipiki," alisema. "Mpya, pamoja na kofia yake." Wageni walilitazama tangi upya, wakaguna, na karibu wote wakatamka kwamba wao wangechukua pikipiki.

Ni marehemu mumewe aliyemnunua. Mpima ardhi yule, mtu asiyejinunulia hata soksi mpaka kidole kitoe kichwa nje, alirudi siku moja amekumbatia mfuko wa plastiki uliojaa maji, na ndani yake samaki mwekundu mwenye magamba makubwa kama sarafu na sharubu mbili kidevuni. Wauzaji humwita joka. Alipotaja bei, nyumba nzima ilinuna wiki tatu. Baadaye ikazoea, kama nyumba zinavyozoea mambo. Miaka kumi na mbili ikapita, samaki akafikia urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na mpima ardhi akatangulia mbele ya haki akamwacha.

Fundi aliyemtunza samaki huyo aliitwa Bwana Ndoo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mjini bila ndoo mbili na mpira wa kunyonyea maji. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mwembamba, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji kama vya mfua nguo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa pikipiki kwenye mabenki, hoteli na zahanati kusafisha matangi ya samaki: kukwangua ukungu wa kijani kwenye vioo, kunyonya uchafu wa chini, kubadilisha theluthi ya maji, kuosha vichujio. Ukimuuliza yeye kama samaki wa bei mbaya anastahili bei yake, alicheka kwa pua. Daktari wa meno, alisema, ana samaki wa bei ya mkate, na wagonjwa wake wanatetemeka vilevile kama wangetazama joka. Samaki wote wanakula, wananya, wanakutumbulia macho. Kinachouzwa ni ukuta wa mwenye nyumba.

Kazi ile ina siri yake, na tuitoe hapa, kwani Bwana Ndoo mwenyewe alishaacha kuificha. Samaki wa ofisini hafi. Akifa, fundi humtoa mapema asubuhi kabla wenyewe hawajafika, akatia mwingine wa rangi ileile, na hakuna anayeambiwa kitu, maana watu hawapendi msiba mahali pa kazi. Chumbani kwake, nyuma ya gereji, Bwana Ndoo alikuwa na ndoo nane za samaki wa akiba. Meneja wa benki aliwasimulia wateja kwa fahari kwamba samaki wake mweusi ana miaka tisa. Yule alikuwa wa tano. Fundi alisikia, akaendelea kukwangua kioo.

Lakini nyumba ya mama mwalimu ilikuwa kitu kingine. Huko alifika kila Jumanne saa kumi alasiri, na akimaliza kazi aliambiwa maneno mawili ambayo hakuna tangi lingine mjini lililompatia: "Kaa, fundi." Kulikuwa na kiti chenye mto wa kahawia, kikielekea dirishani. Alikaa, akanywa chai, akaulizwa habari za mgongo wake, akajibu, na mtu akalisikiliza jibu mpaka mwisho. Benki walinyanyua miguu apitishe mpira bila kutoa macho kwenye karatasi. Mkewe aliondoka zamani, kwa amani, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu huna hata ugomvi wa kukumbuka. Mwanawe wa pekee aliendesha malori ya mbali na alipiga simu akikwama tu. Alikuwa mpweke, tuseme wazi, na upweke wa mtu mwenye kazi nyingi hauonekani, kwa sababu kila mtu humwona akipita. Jumatano asubuhi alianza kungojea Jumanne.

Basi mwaka ule macho ya mama mwalimu yakaingia ukungu. Binti yake, aliyeolewa katika mji mwingine, safari ya basi ya siku nzima, alikuja kumchukua akafanyiwe upasuaji kule aliko. Wiki tatu mama alikaa kwa binti, na Bwana Ndoo akaachiwa ufunguo na maelekezo: amlishe samaki kila siku ya pili, aufunge mlango wa nyuma, na achemshe chai akitaka.

Joka huruka. Kila fundi wa matangi anajua hilo kama anavyojua jina lake, na ndiyo maana mfuniko wa tangi lake una vibano viwili. Jumanne ile Bwana Ndoo alifunga kibano kimoja. Alijichemshia chai, akakaa kwenye kiti chake, akatazama kiti cha pili kilichokuwa kitupu, na kikombe kikamshinda hata kukimaliza. Aliondoka kichwa kikiwa mbali. Alhamisi alipofungua mlango, mfuniko ulikuwa umekaa upande, na samaki wa bei ya pikipiki alikuwa nyuma ya kochi, mkavu kama ubao.

Alikaa chini pale pale kwenye sakafu. Kilichomuuma kwanza hakikuwa samaki, na aibu yake si ndogo. Kilikuwa kile kiti. Tangi likiwa tupu, fundi wa matangi anakuja kufanya nini? Akaona Jumanne zote zilizobaki maishani mwake zikifanana na Jumatatu.

Akafanya alichozoea kufanya, ila mara hii kwa bei isiyozoeleka. Alimzika samaki nyuma ya gereji, akazunguka maduka matatu, akampata joka wa rangi ileile, mfupi kwa upana wa vidole viwili, kijana wa miaka mitatu. Muuza samaki alipotaja bei, Bwana Ndoo alimwambia ampe siku mbili. Kesho yake aliuza pikipiki yake, mguu wake wa kazi, kwa bei ya hasara, akajaziliza na akiba yake yote. Yeye aliyecheka kwa pua miaka yote hiyo alihesabu noti juu ya kaunta na wala hakuomba apunguziwe.

Jambo lililomnyima usingizi lilikuwa jicho. Samaki wa zamani jicho lake la kushoto lilikuwa limelegea, likitazama chini. Huyu mpya alikuwa na macho mawili yaliyonyooka. Na mama mwalimu, ambaye miaka miwili alikuwa akiona samaki kama doa jekundu, sasa alikuwa anarudi na macho mapya. Ukitaka kujua kama mtu ana bahati mbaya, mtazame anavyodanganya.

Mama alirudi akiwa na miwani ya giza, akasimama mbele ya tangi muda mrefu. Akaivua miwani. Bwana Ndoo alijikaza kisabuni, ndoo mkononi.

"Kumbe ana rangi hivi," mama alisema. "Nilishasahau." Akainama zaidi. "Na lile jicho lake?"

"Limepona, mama."

"Naye?" Mama mwalimu akacheka mpaka akashika kiti. "Basi mwaka huu nyumba hii tumetibiwa wote."

Akaambiwa akae. Akakaa. Alicheka naye, na chai ilimshuka kama dawa. Toka siku hiyo alifika kwa miguu, mwendo wa saa nzima na ndoo zake, na mama alipouliza pikipiki iko wapi, alisema iko gereji. Hilo halikuwa mbali na ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekaa gereji. Miezi ikapita, sita, saba, minane. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilikuwa na viti vya kupumzikia, na Bwana Ndoo alianza kuamini kwamba haina mwisho.

Mwezi wa nane binti alikuja tena kumwona mama yake. Jumanne hiyo alimsindikiza fundi mpaka getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Fundi, nikuulize. Hawa samaki huishi miaka mingapi?"

Bwana Ndoo alifurahi kuulizwa jambo la kazi yake. "Akitunzwa vizuri, dada, hufika ishirini. Hata zaidi. Na huyu anatunzwa, usiwe na wasiwasi kabisa."

Binti alimtazama kama aliyetukanwa. "Haya, asante," akasema, akarudi ndani. Fundi alitembea njia nzima akijiuliza amekosea wapi, na mwisho akaamua kwamba binti analalamikia gharama za chakula cha samaki.

Jumanne iliyofuata binti alikuwa ameshaondoka. Chai ilimiminwa, lakini mama mwalimu hakukigusa kikombe chake.

"Mwanangu ameondoka kwa hasira," alisema. "Ana haki. Amenitengea chumba tangu baba yake afe, miaka mitatu sasa. Kimekaa tu, kitanda kimetandikwa. Juzi kaniambia, mama, hicho chumba nitakipangisha."

"Kwani hutaki kwenda?"

"Nataka." Alilisema bila kupepesa. "Nataka kila asubuhi. Lakini mzee aliponiaga alinishika mkono akasema, huyu samaki usimpe mtu, usimwache, hawezi kusafiri, mlinde mpaka afe mwenyewe. Mtu anakufa, utamwambia nini? Nikaapa. Nilijua samaki ameshakuwa mzee, nikasema ni mwaka, ni miwili. Sasa tazama." Akaonyesha tangi, ambako joka alikuwa akigeuka kwa madaha. "Kila siku anazidi kuwa kijana. Hata jicho limepona."

Bwana Ndoo aliweka kikombe chini.

"Yule mjukuu mdogo," mama akaendelea, "zamani alikuwa ananyang'anya simu aongee na mimi. Siku hizi akipewa anasema hana la kusema. Anakua hanijui. Niambie kweli, fundi, wewe ndiye mjuzi. Amebakiza miaka mingapi?"

Kumi na tano, kumi na saba. Mama mwalimu alikuwa na miaka sabini na minne. Hesabu hiyo hata fundi aliiweza.

"Siwezi kujua, mama," alisema, akanyanyua ndoo zake, akasahau mpira wake bafuni.

Wiki hiyo alifanya kazi vibaya. Hotelini alimwaga maji kwenye zulia. Chumbani kwake alilala chali akijitetea mbele ya hakimu asiyekuwepo: mimi sikujua habari za kiapo, mimi nilifanya kwa wema, mimi nimeuza pikipiki. Yote yalikuwa kweli, na kila alipomaliza kujitetea ukweli wa nne ulimngoja mlangoni: sasa anajua. Akinyamaza, mama mwalimu atabaki, na kile kiti kitabaki, na kila Jumanne miaka kumi na tano ataambiwa akae. Akisema, atapata kitu gani? Alitafuta hata faida ndogo ya kusema, hakuiona. Kibaya zaidi, alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemgundua kamwe. Alikuwa fundi mzuri mno.

Jumanne alipiga moyo konde, akaingia, na alipoambiwa akae, alisimama.

"Mama, samaki wa mzee alikufa."

Mama mwalimu aligeuka, akalitazama tangi. "Huyu je?"

"Huyu ni mwingine. Yule aliruka wakati uko kwenye matibabu. Sikufunga kibano. Nikanunua huyu."

Midomo ya mama ilikuwa ikicheza kidogo, na fundi alielewa kwamba anahesabu.

"Miezi tisa kasoro siku nne," alisema hatimaye. "Nilikuwa kule kule, fundi. Nilikuwa na wajukuu wawili mapajani. Wakalia nilipoondoka, nami nikapanda basi kuja kumlisha samaki aliyekwisha kufa." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa zito kuliko kelele. "Yule mdogo kang'oka meno mawili. Nimeyaona kwenye picha."

"Nisamehe, mama."

"Ulimnunua kwa hela gani?"

"Niliuza pikipiki."

"Haiko gereji."

"Haiko."

Alimtazama tena, kuanzia viatu vilivyoisha upande mmoja mpaka usoni. "Unamcheka kila mtu anayenunua samaki wa bei. Wewe mwenyewe umeniambia kwenye kiti hicho kwamba samaki ni samaki. Kilichokupata ni nini?"

Alikuwa amejiandalia jibu zuri kuhusu heshima ya kazi. Likakataa kutoka. "Samaki akifa, mimi sina la kunileta hapa. Na mji huu wote, mama, ni hapa tu ninapokaa. Kwingine nasimama."

Mama mwalimu alifumba macho yake mapya. Alipoyafumbua, hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepata mwenzake.

"Mume wangu alilisafisha tangi hili mara moja kwa mwezi," alisema. "Likatosha. Unadhani nilikuambia uje kila wiki kwa sababu ya samaki? Mimi nilidhani unajua. Nilidhani unakuja kunitembelea, na tangi unalisafisha kwa kuwa umeshafika."

Bwana Ndoo alishika mgongo wa kiti, akauachia. Mtu anaweza kukosa pa kuweka mikono yake katika nyumba aliyoizoea karibu miaka mitatu.

"Ungekuja tu, fundi. Mikono mitupu. Watu hutembeleana."

Kisha akachukua simu mezani, akapiga, akaiweka sikioni. Fundi alitaka kutoka, akaonyeshwa kiti kwa kidole, kama mwanafunzi. Akakaa.

"Mwanangu," mama alisema. "Samaki wa baba yako amekufa."

Sauti ya binti ilisikika mpaka kwenye kile kiti, ndogo na ya haraka, ikiuliza lini. Mama mwalimu, ambaye katika miaka thelathini na saba hakuwahi kumwachia mtoto hata nusu alama ya uongo, alimtazama Bwana Ndoo kitambo. Nyuma yake joka alipita taratibu kutoka ukuta mmoja wa kioo mpaka mwingine.

"Leo," alisema. "Leo asubuhi. Hapana, hakuna mwenye kosa. Alikuwa mzee."

Binti akasema pole, mama, pole sana, na jinsi alivyojitahidi kuifanya sauti yake iwe ya huzuni, na jinsi ilivyomshinda, ndicho kitu kilichomwumiza fundi kuliko yote aliyoambiwa siku ile. Aliinamisha uso kwenye viganja vyake akalia, kimya, na mama mwalimu akaendelea kuzungumza na binti yake kuhusu siku ya kusafiri.

Mama aliondoka wiki mbili baadaye. Fundi alimsaidia kufunga mizigo na akambebea sanduku mpaka kituoni. Samaki, fundi aliambiwa amchukue mwenyewe, ni mali yake. Muuza samaki alimpa nusu ya bei, ingawa joka hakuwa amepungua hata gamba. Wiki iliyofuata alimkuta joka yuleyule kwenye tangi la benki, na meneja, akiwa amesimama mbele ya kioo na mikono nyuma, akamwuliza kwa mara ya kwanza katika miaka yote jambo ambalo halikuwa la maji. "Wewe mjuzi, niambie. Huyu anastahili hela yote ile?"

Bwana Ndoo alifikiri kweli, mpaka meneja akaanza kutazama saa. "Sijui, bosi," alisema. "Mimi nilimlipia nikaona ni rahisi."

Meneja alidhani ni mzaha, akacheka, akarudi mezani kwake.

Namba ya simu mama mwalimu alikuwa amemwandikia kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka. Jumanne ya kwanza hakupiga, kwa sababu hakuwa na jambo. Ya pili pia. Ya tatu alijitafutia jambo: amwulize kama anataka tangi liuzwe. Akakumbuka kwamba limeshauzwa. Saa kumi zilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chumbani kwake, mafundi wa gereji wakigonga vyuma nje, na mikono yake haina kazi. Jumanne ya nne ilipita hivyo hivyo, ikiwa ndefu kuliko zote. Ya tano alipiga.

Simu ilipokelewa na mtoto. Bwana Ndoo alisalimia, akauliza kama bibi yupo.

"Yupo. Unamtakia nini?"

Alifungua mdomo atafute sababu, yoyote ile. Hazikuja. "Simtakii kitu," alisema. "Namsalimia tu."

Mtoto aliinua sauti kuelekea ndani ya nyumba ambayo fundi hakuijua. "Bibi, kuna mtu kwenye simu. Anasema hana shida na wewe, anakusalimia tu."

Kisha akasikia kiti kikisukumwa nyuma, nyayo za mtu mzima zikija haraka, na sauti ya mama mwalimu ikimwambia mtoto asiikate.